Mwigizaji mashuhuri akija Mji wa Kale: tumpokeeje, tumlindeje?

MwanaKibokoni anauliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu, na habari za jioni kwenu nyote.

Sisi ni kikundi cha vijana wa Mji wa Kale, Mombasa, ambao kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiwaonyesha majirani filamu baada ya sala ya isha, kwa kutundika shuka jeupe ukutani na kupanga viti vya plastiki uwanjani. Mwaka huu mambo yamekua kuliko tulivyotarajia. Mwongozaji mmoja wa ng'ambo, aliyepiga sehemu ya filamu yake huku pwani, amekubali kuja kuionyesha kwetu kwa siku tatu, na atafuatana na waigizaji wawili, mmoja wao akiwa mwanamke ambaye hata watoto wa chuo cha Kurani wanaijua sura yake. Wakala wake ametuletea masharti: apewe gari lenye vioo vyeusi, walinzi wanne wawe naye wakati wote, njia anayopita isiwe na watu, na asiombwe na mtu yeyote kupiga naye picha.

Kamati yetu imegawanyika pande mbili. Wengine wanataka zulia jekundu na kamba kama tunavyoona katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kwa hoja kwamba mtu wa daraja hiyo akikosa heshima aliyoizoea hatarudi tena, wala hatawasifia wenzake mahali petu. Wengine wanasema kwamba mgeni akiingia mtaani kwetu Kibokoni ni mgeni wa mtaa mzima, na kumzungushia kamba ni kuwatukana wenyeji waliotoa baraza zao ili watu wakae. Na hilo gari lenye vioo vyeusi sijui litapita wapi, kwa sababu vichochoro vyetu vinapitisha mkokoteni na pikipiki tu, na mkokoteni wenyewe ukikutana na mwenzake mmoja lazima urudi nyuma.

Ningependa kusikia kutoka kwa wenye uzoefu. Matamasha makubwa huwatendea vipi watu mashuhuri, ulinzi wao hupangwa namna gani, na mila zinapogongana nani humpisha mwenzake?

MshikaTochi anajibu:

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Nimewahi kujitolea kuwaongoza watu vitini katika tamasha la Zanzibar, lile lililoasisiwa mwaka 1997 kwa ajili ya filamu za nchi za jahazi, yaani nchi za Bahari ya Hindi zilizounganishwa na safari za majahazi, kwa hiyo nitasema niliyoyaona na niliyojifunza kwa kufuatilia matamasha mengine.

Jambo la kwanza ni kwamba hakuna namna moja ya kumtendea nyota wa filamu. Cannes ni shughuli ya rasmi mno: maonyesho makuu ya usiku yana masharti ya mavazi, ngazi za kuingilia ukumbini zina vidato 24 vyenye zulia jekundu, na tangu mwaka 2018 wageni wamekatazwa kujipiga picha kwa simu kwenye zulia hilo. Kila mtu ana kitambulisho cha daraja lake, na daraja hilo ndilo linaloamua atapita mlango gani na ataketi wapi. Tamasha la Venice, ambalo lilianza mwaka 1932, hufanyika katika kisiwa cha Lido, na waigizaji wengi hufika kwa boti mbele ya wapigapicha. Berlin ni tofauti tena, kwa sababu tiketi huuzwa kwa wananchi wa kawaida kwa wingi, na mwananchi aliyepanga foleni anaweza kuketi ukumbi mmoja na majaji. Toronto, tuzo inayozungumzwa kuliko zote ni ile inayotokana na kura za watazamaji wenyewe. Marrakech nao huweka pazia la kuonyeshea filamu katika uwanja wa Jemaa el-Fna, na waigizaji hutoka kuwasalimu watu waliokuja bila tiketi.

Zanzibar, maonyesho makuu hufanyika Ngome Kongwe, mahali pa wazi, chini ya mbingu, na watu huja na watoto wao. Nilimwona mwongozaji aliyepata tuzo akitoka pale kwa miguu kwenda bustani ya Forodhani kula mishikaki, bila mlinzi wala kamba. Sisemi kwamba ninyi mfanye hivyo hivyo, kwa sababu mwongozaji hajulikani sura kama mwigizaji, na hilo ni jambo ambalo kamati nyingi husahau. Ninachosema ni kwamba msiige Cannes kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwenye televisheni. Zulia na kamba vya kule vina kazi yake, kwani vimewekwa kwa ajili ya mamia ya wapigapicha waliosimama safu mbili kila upande. Ninyi mtakuwa na wapigapicha wangapi? Watano?

MlinziWaNyali anajibu:

Nimefanya kazi ya ulinzi katika hoteli za Pwani ya Kaskazini kwa muda mrefu, na nimewapokea wanasiasa, wanamuziki na wachezaji wa mpira. Naomba tutenganishe mambo mawili ambayo orodha ya wakala imeyachanganya: usalama wa mgeni, na fahari ya mgeni. Vioo vyeusi ni fahari. Njia ya kutokea ni usalama.

Wanaodhani ulinzi wa matamasha ni majivuno wakumbuke Cannes ya mwaka 2013. Mwigizaji Christoph Waltz alikuwa akihojiwa na televisheni kwenye jukwaa la wazi ufukweni, mtu mmoja akafyatua bastola ya risasi baridi katikati ya umati, na watu wakatawanyika kwa hofu. Wiki hiyo hiyo vito vya thamani kubwa viliibwa katika chumba cha hoteli. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Julai 2016, lori liliwaua watu 86 katika mji wa jirani wa Nice, na tamasha la Cannes lililofuata lilikuta makasha makubwa ya maua yamepangwa kandokando ya Croisette, barabara ya ufukweni ya mji huo. Mpita njia aliyaona kuwa ni mapambo, kumbe ni ukuta wa kuzuia magari. Kwa maoni yangu huo ndio ulinzi bora, ule usiomtisha mtazamaji.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Tunis. Tarehe 24 Novemba 2015, tamasha la filamu la Carthage la huko Tunisia likiwa linaendelea, basi la walinzi wa rais lililipuliwa katikati ya mji na walinzi 12 wakafa. Serikali ilitangaza hali ya hatari na amri ya kutotoka nje usiku. Tamasha halikuvunjwa, na watu waliendelea kwenda kutazama filamu. Wenyeji wa mji walikuwa ndio wenye kuamua, na waliamua.

Sasa nirudi Kibokoni. Gari liache, halina njia. Mgeni ashuke kwenye uwanja ulio mbele ya Fort Jesus kisha aende kwa miguu, akitanguliwa na vijana wawili wa mtaa ambao kila mwenye duka anawajua, na walinzi wawili nyuma yake. Katika vichochoro vyetu, walinzi wanne waliojipanga kumzunguka mtu mmoja huziba njia, na njia ikizibwa umati hukusanyika hata kama haukuwa na nia ya kukusanyika. Fahamuni pia kwamba walinzi wa kampuni binafsi hapa Kenya hawabebi bunduki. Wakala akitaka silaha, hiyo ni kazi ya polisi. Nendeni kituoni mapema, kwa kuwa sheria ya mikutano ya hadhara inataka taarifa itolewe kati ya siku 3 na siku 14 kabla. Filamu nayo lazima iwe imepitishwa na bodi ya kuainisha filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Nimeshuhudia onyesho likisimamishwa kwa kukosa karatasi hiyo, mgeni akiwa ameshaketi, na sitaki liwapate ninyi.

Kinachonitia wasiwasi kuliko yote ni watoto. Mwigizaji akitokea, watoto hukimbia mbele na watu wazima husukuma kutoka nyuma. Tengeni njia mbili za kutokea uwanjani, na msiruhusu kiti hata kimoja kuwekwa ndani ya njia hizo.

BiMwenyeBaraza anajibu:

Mwanangu MwanaKibokoni, nimesoma majibu ya kaka zako, na yote ni ya maana, ila mila hakuna aliyezigusa sawasawa. Mimi nimezaliwa na kuolewa Mji wa Kale, na wageni wa kila namna wamepita mbele ya baraza yangu.

Mwaka 2014 mwigizaji wa Iran, Leila Hatami, alikuwa mmoja wa majaji wa Cannes. Siku ya ufunguzi alipofika, rais wa tamasha, Gilles Jacob, ambaye ni mzee, alimbusu shavuni kwa kumkaribisha. Picha ilipofika Tehran kukazuka lawama, naibu waziri wa utamaduni akamshutumu yule mama, na mwisho yeye akaandika barua ya kuomba radhi. Jacob alijitokeza kusema kwamba ni yeye aliyembusu na kwamba kwao hiyo ni salamu ya kawaida. Tazama basi jambo lilivyokuwa: mwenyeji alitenda kwa wema, kwa desturi ya kwao, na mgeni ndiye aliyelipa. Mkono wa mwenyeji ulikuwa mwepesi kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema.

Kwetu itakuwa kinyume chake. Mgeni wenu atashuka pale, atawaona wazee wamekaa barazani, atataka kuwapa mkono au kuwakumbatia kwa upendo, na mzee atarudisha mkono kifuani. Mgeni ataona amedharauliwa, na kamera zitakuwa zimeshapiga. Mwandikieni barua kabla hajapanda ndege. Mwambieni kwamba mwanamume anayeweka mkono kifuani anamsalimu kwa heshima kamili. Mwambieni asielekeze simu yake kwa wanawake waliokaa milangoni, kwa kuwa yeye mwenyewe ametuomba asipigwe picha bila ridhaa yake, na anachokitaka kwetu na sisi twakitaka kwake. Mavazi mueleze kwa lugha nzuri, tena mpatieni leso mbili, yaani kanga, za zawadi, mmoja wa mabinti zetu amwonyeshe namna ya kuzivaa. Mwaka 2018 mwigizaji Rania Youssef alishtakiwa na wanasheria kwa gauni alilovaa kwenye tamasha la Cairo, nchini kwake mwenyewe, kabla hawajaondoa malalamiko yao. Sitaki mgeni wetu afikishwe katika fedheha hata ndogo ambayo tungeweza kuizuia kwa karatasi moja.

Na msianze chochote wakati wa sala ya magharibi. Mkianza baada ya isha, kama mlivyozoea, hakuna adhana itakayomkatiza mtu maneno yake.

MvukajiWaLikoni anajibu:

Bi Mwenye Baraza amesema kweli, lakini naomba nimtetee kidogo huyo mwigizaji, kwani naona kama tumemhukumu kabla hajafika. Mwanamke anayejulikana sura dunia nzima hukutana na watu wanaomfuata, wanaomshika na wanaomvuta nguo. Sharti la kutoombwa picha huenda halikutoka kwenye kiburi, huenda limetokana na aliyoyapitia.

Tena katika matamasha mengi anayevunja heshima ya mgeni huwa ni bawabu, wala si umati. Mwaka 2015 huko Cannes kulikuwa na malalamiko ya wanawake waliozuiwa kwenye zulia kwa kuwa viatu vyao havikuwa na visigino virefu, na miongoni mwao alikuwamo mtayarishaji wa filamu aliyekatwa sehemu ya mguu. Mkurugenzi wa tamasha alikana kwamba kuna kanuni ya urefu wa visigino, lakini mlangoni mambo yalikuwa mengine. Mwaka 2024 mwimbaji Kelly Rowland alizozana hadharani na mhudumu wa zulia aliyekuwa akimharakisha, na baadaye akasema kwamba kulikuwa na wanawake wengine wasiofanana naye ambao hawakukemewa. Yule mhudumu huenda aliambiwa jambo moja tu, kwamba watu wasisimame. Hakuambiwa namna ya kusema na watu.

Kwa hiyo vijana wenu wawili watakaotangulia, na wale watakaosimama mlangoni, wafundisheni maneno halisi ya kutumia. «Tafadhali tupishe kidogo, mama» ni tofauti na «ondokeni». Na wayatumie kwa mwigizaji na kwa muuza kahawa sawasawa.

MwanaKibokoni anajibu:

Nawashukuru sana, na kwako Bi Mwenye Baraza shikamoo. Nimeyasoma majibu haya mbele ya kamati usiku huu, na ubishi umepungua. Tumekubaliana kuliacha zulia. Mkeka wa miyaa utatandikwa pale mbele, ambapo wageni wataketi pamoja na wazee wa mtaa. Walinzi watakuwa wawili, na kamba itawekwa kwenye njia mbili za kutokea tu. Kuhusu picha, tumeamua kumuomba mgeni atenge robo saa baada ya filamu ya usiku wa mwisho, kwa watoto peke yao, wakiwa wamepangwa na walimu wao. Akikataa tutaliheshimu neno lake.

Barua ndiyo imebaki. Ndugu MlinziWaNyali, wakala akisisitiza walinzi wanne, tumjibuje? Nawe Bi, unaweza kutusomea barua kabla hatujaituma?

MlinziWaNyali anajibu:

Mpelekeeni picha ya kichochoro, mtu akiwa amesimama katikati amenyoosha mikono. Ataelewa. Walinzi wawili waliobaki waketi uwanjani wakiwa na nguo za kawaida, kwenye zile njia za kutokea.

BiMwenyeBaraza anajibu:

Ileteni Alhamisi baada ya alasiri, mwanangu, na uje na huyo atakayeitafsiri, kwa sababu hilo neno la mkono kifuani nataka nilisikie litakavyosomeka katika lugha yake.