ParaView: ateri yote inatoka bluu, mkazo wa ukutani hauonekani

mtiririko_tz
Wakuu habari. Nina simulesheni ya damu kwenye ateri ya shingo pale inapogawanyika, nimetumia simpleFoam ya OpenFOAM (programu ya kukokotoa mtiririko; simpleFoam ni ya mtiririko usiobadilika na wakati). wallShearStress (mkazo wa ukutani) imetoka, nikaifungua kwenye ParaView, programu ya kuchora matokeo: bluu tupu. Kwenye jedwali la thamani, kiasi kwenye shina nyoofu ni kama 0.0013. Msimamizi anataka paskali, na picha inayoonyesha mkazo unashuka wapi. Au meshi yangu (vipande vidogo vya kukokotolea) ni mbovu?

Kipimapembe
Mkuu, meshi iache kwanza. simpleFoam hugawanya shinikizo na mikazo kwa densiti, kwa hiyo hiyo namba ni mita mraba kwa sekunde mraba. Zidisha kwa 1060 ya damu, unapata 1.4 Pa hivi. Sasa pima kwa kalamu: bomba nyoofu, kipenyo 6 mm, kasi ya wastani 0.3 m/s, mnato 0.0035 Pa·s. Nane mara mnato mara kasi, gawanya kwa kipenyo: 1.4 Pa. Weka kasi na kipenyo chako uone. Mimi siangalii rangi kabla ya hesabu hii. Picha hupendeza hata ikiwa ya uongo.

Bluu inatokana na internalMesh, yaani meshi ya ndani ya ateri. Ndani ya damu wallShearStress hujazwa sifuri, na sifuri hizo ndizo unazoziona. Kwenye Mesh Regions itoe tiki, bakiza ukuta peke yake.

Halafu usiiachie programu ichague kipimo cha rangi. Pale damu inapogonga kwenye panda (ateri inapogawanyika), mkazo hupanda sana na kumeza kila kitu. Weka 0 hadi 3 Pa, kisha Cell Data to Point Data (huhamisha thamani kwenye nukta), kisha Contour (mstari wa thamani moja) kwenye 0.4 Pa. Chini ya hapo ndipo utando wa mafuta hupenda kujijenga, hasa ukuta wa nje wa kile kibonge cha mwanzo wa tawi la ndani. Rangi za upinde wa mvua achana nazo.

mama_wa_mishale
Naongezea: ukichora mishale itaelekea kinyume na damu. OpenFOAM inatoa nguvu ya ukuta juu ya damu, kwa hiyo kwenye Calculator zidisha kwa -1060. Ukitaka kuona damu inaporudi nyuma, Surface LIC (huchora michirizi ya mwelekeo juu ya ukuta) ni nzuri kuliko mishale.

mtiririko_tz
Ukuta umejaa rangi! Shukrani. Ila moyo unadunda, simpleFoam inatosha?

Kipimapembe
Kwa picha ya kwanza, ndiyo. Kwa tasnifu hamia pimpleFoam, inayofuata mabadiliko ya wakati, chukua wastani wa mdundo mzima, na mdundo wa kwanza utupe.