Nimeshikwa bega na mkono wa chapati kwa kosa la kuziba tundu kwenye seva

Wakuu, naandika nikiwa chooni ghorofa ya pili, maana nikirudi mezani nitatukana mtu.

Bosi wangu mnamjua. Yule wa "mimi naanza kazi hapa wewe hujazaliwa". Leo saa tatu asubuhi, mbele ya wageni watatu wenye tai, kaja mpaka mezani kwangu na chapati mkono wa kulia, kanishika bega KWA MKONO ULEULE, akasema: "Dogo, usiguse kitu kinachofanya kazi."

Dogo! Nina miaka 38. Mwanangu yuko darasa la sita.

Kosa lenyewe: usiku wa kuamkia leo nimepandisha toleo la Samba, programu inayogawa mafaili kwa kompyuta za ofisi, kwenye seva ya mafaili. Tulikuwa na 4.9, ya mwaka 2018, yenye lile tundu la usalama la moduli (kipande cha nyongeza) ya fruit lililotangazwa Januari 2022, alama ya hatari 9.9 kati ya 10. Mtu akiwa na ruhusa ya kuandika kwenye folda tu, anaweza kuendesha amri zake kama root, yaani mwenye seva. Tangu 2022 naomba nusu saa ya kuzima seva, naambiwa "huu mwezi wa mahesabu". Mwaka wake una miezi kumi na miwili ya mahesabu. Na fruit tuliiwasha kwa ajili ya nani? Ya kompyuta yake ya Apple! Ofisi nzima anayo yeye peke yake.

Basi, Samba kuanzia 4.11 haikubali SMB1, lugha ya kizamani ya kupashana mafaili, mpaka uilazimishe. Fotokopi yetu, ambayo naamini ilishushwa na jahazi, haijui lugha nyingine. Asubuhi watu wanaskani, folda haipokei. Ndipo chapati ikashuka ngazi.

Shati lilikuwa jeupe, wakuu. Vidole vinne na gumba, vyote vinahesabika.

Nikaamriwa nirudishe bakapu ya Jumapili, 4.9 ikafufuka. Halafu akaitwa mpwa wake, muuza kava za simu, "atusaidie". Kijana kaandika guest ok = yes (asiye na nywila aingie), kagawa 777 folda zote (kila mtu asome na kuandika), kapigiwa makofi. Sasa tundu lipo na mlango umeondolewa bawaba. Mimi ndiye dogo.

Kebo_Fupi: Pole mkuu. Ila tupe picha ya shati.

BintiMwambao: Uzi bila picha ni chai.

FundiKimya: Mleta uzi, ulipandisha toleo usiku ukaenda kulala bila kujaribu skana? Ungeandika server min protocol = NT1, yaani ruhusu SMB1, fotokopi ingepumua, 4.9 ingezikwa, na hiyo chapati ungekaribishwa. Bega umestahili.

Mleta uzi: FundiKimya, SMB1 ndiyo njia ya WannaCry, kile kirusi kilichoteka mafaili ya watu! Nifungue tena kwa mkono wangu?

FundiKimya: WannaCry ya Mei 2017 ilikuwa Windows, na pachi ya kuziba tundu ilishatoka Machi. Waliodaiwa dola 300 za bitcoin ni waliolala kama bosi wako. Tundu la Samba ni jingine, namba CVE-2017-7494, lilitangazwa wiki mbili baadaye, na lilikuwamo tangu toleo 3.5.0. Usichanganye mafaili. Hiyo NT1 ungeiweka wiki moja tu, huku unatafuta fotokopi nyingine.

Mzee_wa_Toner: Fotokopi nyingine kwa bajeti ipi? Sisi ya kwetu inakula karatasi tangu mwaka juzi, tunailisha kwa zamu.

Nguzo_Saba: Afadhali yenu. Mimi seva iko chumba kimoja na friji ya soda. Mhudumu akitaka kuchaji simu anachomoa moja kati ya hizo mbili. Soda haijawahi kupata moto.

Kebo_Fupi: 😂😂😂 Soda haijawahi kupata moto

BintiMwambao: Mimi wa kwangu aliniuliza Samba si ngoma ya Brazil, tunailipia ya nini. Nikamwambia ni bure. Akasema basi ndiyo maana mbovu.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada. KANISHIKA BEGA. Mbele ya wageni.

Mzee_wa_Toner: Tumeelewa, umeshikwa bega. Nguzo_Saba, hiyo soda inauzwa au ya ofisi?

Nguzo_Saba: Ya ofisi, ila funguo anayo mhasibu. Nywila ya seva iko kwenye kikaratasi juu ya friji.

Mama_Wawili: Doa la mafuta kwenye shati jeupe: nyunyiza unga wa sembe, acha dakika ishirini, kisha sabuni ya kipande. Usianze na maji.

Mleta uzi: Asante dada. Wewe peke yako umesoma uzi.

Mama_Wawili: Sijasoma kaka, nimeona tu neno mafuta.

Kebo_Fupi: Mleta uzi, swali la msingi. Chapati yenyewe ilikuwa ya maji au ya kusukuma?

BintiMwambao: Ya maji haiachi vidole vitano. Hiyo ni ya kusukuma.

Mzee_wa_Toner: Inategemea nani kapika. Pale nyuma ya ofisi yetu kuna mama, ya maji yake inapita mpaka kwenye gazeti.

Nguzo_Saba: Anauza mpaka saa ngapi?