Namna ya kusoma maoni ya msimamizi katika tasnifu kwa kutumia kisoma skrini

Mwanauzamili
Habari zenu ndugu. Mimi ni mwanafunzi nisiyeona, naandika tasnifu kwa Kiswahili katika Microsoft Word nikitumia NVDA, programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Kuandika hakunisumbui; shida huanza msimamizi anaporudisha sura yenye maoni, kwa kuwa hunilazimu kushuka mstari kwa mstari ili niyapate yote. Vichwa vidogo navyo sisikii vikitajwa kuwa ni vichwa, ingawa mwenzangu anayeona ananihakikishia kwamba vimekolezwa wino na vimekaa katikati. Je, ipo njia ya haraka, au nihamie LibreOffice, ile programu nyingine ya kuandikia?

Fundi wa Hati
Usihame kwanza. Ukiwa ndani ya Word, bonyeza Insert pamoja na kitufe cha nafasi ili NVDA iingie katika hali ya kuvinjari. Hapo herufi A itakupeleka penye maoni au masahihisho yanayofuata, H kwenye vichwa na T kwenye majedwali. Ukitaka orodha ya maoni au vichwa, bonyeza Insert na F7. Kabla ya kuandika tena, rudia Insert na nafasi, la sivyo kila herufi utakayobonyeza itachukuliwa kuwa amri.

Kuhusu vichwa, kukoleza wino hakutoshi. Kisoma skrini hakiutazami ukurasa. Hupokea kile ambacho Word inakitangaza, na Word haitangazi kichwa mpaka mstari upewe mtindo wa kichwa. Ctrl, Alt na 1 huweka kichwa cha ngazi ya kwanza, na 2 cha ngazi ya pili. Mitindo hiyo ndiyo inayozalisha orodha ya yaliyomo, kwa hiyo kazi hii ungeifanya tu, uwe unaona au huoni.

Mhariri wa Pwani
Naongezea suala la lugha. Sura ikiwa imewekwa kuwa ya Kiingereza, na NVDA imeruhusiwa kubadili lugha yenyewe, Kiswahili chako kitasomwa kwa matamshi ya Kiingereza hadi usikielewe. Teua matini yote kwa Ctrl na A, kisha weka Kiswahili kuwa lugha ya ukaguzi wa tahajia. eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja pamoja na NVDA, ina Kiswahili. Sauti yake ni kavu, lakini maneno yanaeleweka.

LibreOffice nimeitumia na sina ugomvi nayo. Zamani ilitegemea daraja la Java, yaani programu ya kati, ili izungumze na visoma skrini kwenye Windows, lakini tangu toleo la 4.2 la mwaka 2014 inatumia moja kwa moja IAccessible2, njia ya programu kuwasiliana na visoma skrini, na F5 hufungua orodha ya vichwa. Hata hivyo, kama msimamizi wako anatumia Word, baki huko.

Mwanauzamili
Nashukuru sana, A imeniondolea adha kubwa. Limebaki jambo moja: sura ya pili msimamizi aliichapa kwenye karatasi, akaiandikia kwa kalamu, akaiskani na kunitumia PDF.

Fundi wa Hati
Hiyo ni picha tupu. Insert na R huanzisha utambuzi wa maandishi wa Windows, ambao husaidia kwa yaliyochapwa, ila mwandiko wa kalamu usiutegemee. Mwandikie kwa heshima umwombe aweke maoni yake ndani ya Word, na asiyaweke katika visanduku vinavyoelea juu ya ukurasa, kwa sababu havimo katika mfululizo wa matini na vitufe vya mishale huvipita. Ambatanisha sura ile ile ya pili ili aanze nayo.