Geti limepinda baada ya kuchomelea: nyundo, moto, au nikate upya?

Mchomeleaji_Mpya: Wakuu, geti la mteja, fremu ya skwea paipu 40x40, shiti mm 1.5. Nilichomelea shiti mfululizo kuzunguka pande zote. Sasa katikati imetuna kama kifuniko cha sufuria, na nikililaza sakafuni kona moja inainuka vidole viwili. Mteja anakuja Jumamosi.

Babu_Grainda: Usiiguse shiti kwa nyundo! Mishono ya pembeni ilipopoa ilijikunyata, shiti ya katikati ikakosa pa kukaa. Ukiitwanga inatanuka, unaongeza uvimbe. Kama lazima upige, piga mshono wenyewe, ndio unaohitaji kurefuka.

Kasuku77: Moto, mkuu. Mtungi wa gesi, pasha madoa ya ukubwa wa sarafu juu ya uvimbe mpaka wekundu hafifu, nyuzi 600 hadi 650 hivi, kisha kitambaa kilicholowa maji. Doa linataka kutanuka, chuma baridi kinalizuia, linanenepa. Likipoa linavuta shiti. Doa moja, subiri lipoe, angalia, ndipo uende lingine.

Babu_Grainda: Sawa kwa chuma laini cha geti. Asije mtu akafanya hivyo kwenye chesi ya lori, chuma kile kinapoteza nguvu. Na shiti ya mabati ikipashwa moshi wake unaleta homa.

Dada_Fundi: Mbona wote mmeng'ang'ania uvimbe? Kona inayoinuka ni fremu imejikunja, na madoa ya moto hayatainyoosha. Kata mshono kwa diski nyembamba, acha vipande vya mshono vya sm 3 kila baada ya sm 15. Geti la shiti halihitaji zaidi ya hapo. Na mshono usiwe mnene: wa mm 8 unakula chuma karibu mara mbili ya wa mm 6, na joto linaongezeka hivyo hivyo.

Mchomeleaji_Mpya: Nimekata upande wa juu na wa bawaba. Fremu imelia "ta!" na kona imeshuka yenyewe, imebaki kama mm 4. Uvimbe umepungua nusu, ngoja niazime mtungi.

Dada_Fundi: Hizo mm 4 zimalize kwa klempu kabla ya kurudishia mishono. Lijalo, shikiza kwanza pande zote kwa vidoa vidogo vya mshono, kijiti cha kuchomelea cha mm 2.5, ruka upande huu na ule. Ukiwa na mageti mawili, yabane mgongo kwa mgongo na usifungue klempu mpaka ushike kwa mkono mtupu.

Kasuku77: Madoa manne yatatosha hapo. Tuma picha.