Amechovya kidole kwenye siagi yangu ya karanga, halafu akaniandikia kosa la USAFI

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mnivumilie makosa ya herufi.

Yule bwana mkaguzi mnamjua. Wa mkoba mweusi usiofungika, bajaji ikisimama linatangulia tumbo, yeye anafuata. Leo saa nne asubuhi zamu ilikuwa yangu. Kachumba kangu ka kusagia karanga, mashine moja, mabinti wawili, makopo yamepangwa yanasubiri lebo. Kaingia, salamu hana. Nampa kofia ya nywele na barakoa, kavitia mfukoni kama kapewa zawadi. Katazama dari weee. "Mama, hapa hapafai kwa chakula."

Halafu, wakuu, HALAFU akafungua kopo akachovya kidole. Kile kile alichotoka kuhesabia chenji ya bajaji. Akalamba. Akasema, "Chumvi imezidi."

Kisha kosa la usafi likaandikwa. Kwa jina langu mimi!

Nikajikaza: kaka yangu, mbona tangu 2019 mambo ya chakula yalihamishiwa TBS, shirika la viwango, ile TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikabaki na dawa na vifaa tiba ikaitwa TMDA, ili kopo moja lisikaguliwe na watu wawili? Si ndiyo ule mpango wa 2018, ile Blueprint ya kuboresha mazingira ya biashara? Uliandikwa kabisa kwamba mamlaka zinaingiliana na tozo zimerundikana. Bajeti ya 2019/20 ikagusa tozo 54, nyingine zikafutwa, nyingine zikapunguzwa. Siku ile nilishangilia mpaka nikaunguza karanga. Bwana yule kanitazama, kidole bado kinang'aa mafuta, akaniuliza: "Hiyo Blueprint imebandikwa wapi hapa ukutani?"

Ukutani kwangu! Pana leseni, TIN, cheti cha zimamoto, kadi za afya za mabinti, mjusi mwenyewe siku hizi anapita sakafuni. Kila anayekuja anataka karatasi yake ionekane, ya mwenzake haitazami. Wanasema kanuni zinapitiwa zipungue. Sawa, zipitieni. Lakini hicho kidole kiko kwenye kanuni namba ngapi?

Fundi Nondo: Pole sana mama. Swali la msingi: chumvi ilizidi kweli?

Mama Kinu (mleta uzi): HAIKUZIDI. Na hiyo siyo hoja!

Fundi Nondo: Umejibu haraka mno. Ilizidi.

Binti Kwamtogole: Huyo huyo wa mkoba? Saluni kwangu kapima upana wa mlango kwa rula ya shule ya mwanangu. Rula hajarudisha mpaka leo, mtoto anachora mistari kwa kadi ya kliniki.

Mzee wa Busara Kiasi: Uzi mrefu, kidole kimoja. Wasimamizi wauhamishie jukwaa la mapishi.

Kipepeo77: Mama, pita SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, uchukue barua ya utambulisho. Ndiyo inayombeba mjasiriamali mdogo kule TBS.

Mama Kinu: Barua ninayo! Nilimwonyesha kwa mkono huu, mkono mwingine nimeshika kopo lenye shimo la kidole. Akaangalia kopo.

Dereva Mstaafu: Mimi nakumbuka vile vitambulisho vya wajasiriamali vya 2018. Unalipa 20,000, unaning'iniza shingoni, unauza mihogo yako kwa raha zako.

Binti Kwamtogole: Raha gani? Mgambo aliniambia ile sura siyo yangu. Nilikuwa nimesuka tu.

Dereva Mstaafu: Labda kweli haikuwa yako.

Binti Kwamtogole: Mzee usinianze.

Jirani wa Namanga: Nyinyi afadhali. Huku Kenya kuna sheria ya 2013, kanuni ikifikisha miaka 10 bila kuongezewa muda inakufa yenyewe. Kanjo, askari wa kaunti, ndiye hafi. Juzi wamebeba jiko langu na mahindi yakiwa bado juu ya moto.

Fundi Nondo: Mahindi yaliiva?

Jirani wa Namanga: Yaliivia kwa gari ya kaunti. Walikula wakienda, niliona kwa macho.

Mzee wa Busara Kiasi: Angalau hao hawakulalamika chumvi.

Mama Kinu: Jamani turudi kwenye mada. KIDOLE. Kina pete ya shaba, na kwenye pete mlibaki karanga. Kaondoka nayo hivyo hivyo, hata risiti hajaniachia.

Kipepeo77: Mama samahani, hiyo siagi kopo la nusu kilo unauzaje?

Mama Kinu: Elfu saba. Kuna moja natoa kwa elfu mbili, limeshaonjwa.

Fundi Nondo: Nichukulie hilo la elfu mbili. Karanga zenyewe za wapi?

Mama Kinu: Dodoma.

Jirani wa Namanga: Hizo njugu za Dodoma huwa na mafuta mengi?

Dereva Mstaafu: Kaka, njugu na karanga ni vitu viwili. Njugu ni zile mawe.

Jirani wa Namanga: Njugu ni njugu. Karanga ni zile zimekaangwa.

Mzee wa Busara Kiasi: Haya, sasa huu uzi ndio unaanza.