Handaki la majitaka la London: modeli ya kidijitali ni mali ya nani?

Mkazi_wa_Mtoni: Wadau, handaki la Thames Tideway limeunganishwa lote tangu Februari 2025. Kilomita 25, kutoka Acton upande wa magharibi hadi Abbey Mills mashariki, sehemu kubwa kipenyo cha ndani mita 7.2. Kwa miaka mingi mvua ikinyesha kidogo tu, mitaro ya zamani ilikuwa inafurika na kinyesi kinaingia mtoni. Sasa kinadakwa huku chini na kupelekwa kwenye mtambo wa Beckton kusafishwa. Kazi ya kuchimba waligawana vikundi vitatu vya wakandarasi, magharibi, kati na mashariki. Kazi ya namna hiyo haiendi bila modeli ya pamoja ya kidijitali: udongo, kuta, mabomba, nguzo za madaraja, kila mtu anaweka chake hapo na wengine wanaona. Sisi tunaoishi London tunalilipia handaki hili kwenye bili ya majitaka. Hoja yangu ni kwamba modeli nayo iwe ya umma, isibaki kwenye kampuni binafsi. Mnasemaje?

Kobe1858: Siungi mkono. Unataka kila mtu ajue shimo la kushukia liko wapi na mlango wake una upana gani? Hiyo ni miundombinu nyeti. Halafu hizi modeli zinasifiwa kupita kiasi. Mhandisi Bazalgette alijenga mitaro yake ya majitaka London baada ya ule Uvundo Mkuu wa 1858, mto Thames uliponuka kinyesi, bila kompyuta, na mpaka leo inabeba majitaka. Vijana wa skrini hawajui hata harufu ya udongo.

Serveya_Binti: Mkuu Kobe, mimi ndiye huyo kijana wa skrini, na buti zangu zimejaa tope kuliko unavyodhani. Bazalgette alipoanza 1859, treni ya chini ya ardhi haikuwepo. Ya kwanza London ilifunguliwa 1863. Leo chini ya mji ule kuna mahandaki ya treni, nyaya za umeme, mabomba ya gesi na nguzo za majengo zilizoshuka makumi ya mita. Handaki jipya limepita chini ya mengi ya hayo, kuanzia kama mita 30 upande wa magharibi hadi zaidi ya 60 mashariki. Magharibi udongo ni mfinyanzi, mashariki ni chokaa yenye maji. Ukipitisha mashine bila kujua kilicho juu yake, jengo la mtu linatitia. Modeli inakuonyesha mgongano ukiwa bado ofisini, kabla zege halijamwagwa.

Fundi_Kigogo: Binti, shikamoo yangu siidai humu, ila sikiliza. Nilikuwa fomeni kwenye mradi wa bomba, kampuni sitaitaja. Modeli ikasema bomba la maji liko upande wa kushoto. Mimi nikasema hapana, mzee mmoja wa mtaa ule ametuonyesha lilipo. Kijana akanijibu mbele ya vibarua kwamba kompyuta haikosei. Tukachimba, tukalipasua, mtaa mzima ukakosa maji. Kwenye ripoti ikaandikwa kosa la saiti. Tangu siku ile nikisikia "modeli" moyo unanidunda.

Serveya_Binti: Pole sana mzee wangu. Lakini kosa hapo ni la aliyeingiza mchoro wa zamani bila kwenda kupima, na aliyekudharau. Modeli haikumtuma akutukane.

Nyangumi_E14: Wadau, turudi kidogo. Crossrail, ile reli mpya inayopita chini ya London, ilikuwa na modeli za pamoja zilizosifiwa dunia nzima. Ilitakiwa ifunguliwe Desemba 2018, ikafunguliwa Mei 2022, na gharama ikapanda kutoka pauni bilioni 14.8 hadi karibu 19. Uchimbaji ulikuwa umekwisha zamani. Kilichokwama ni kuunganisha mifumo ya treni na kumalizia vituo, na kila mtu alikuwa na ratiba yake. Kwa hiyo kuwa na modeli peke yake si kuwa na ukweli. La pili, handaki la Tideway limesanifiwa lidumu miaka 120. Nani atafungua mafaili haya baada ya miaka 120? Michoro ya karatasi ya wakati wa Malkia Victoria bado inasomeka kwa macho. Kama modeli haikukabidhiwa kwa muundo wa wazi ambao programu yoyote inausoma, mmiliki wake halisi ni muuza programu.

Kobe1858: Nimeona nimeambiwa "unavyodhani". Mimi sidhani, nimekaa London miaka mingi na nimefanya kazi kwenye hayo mahandaki usiku. Zile mashine nane za kuchimba ziliongozwa na watu, si na modeli.

Serveya_Binti: Sita, si nane. Rachel, Charlotte, Millicent, Ursula, Selina na Annie, zote zimepewa majina ya wanawake waliofanya kazi kubwa. Na aliye kwenye kiti cha kuongoza mashine anasoma mstari uliotoka kwa maserveya, anaufuata kwa milimita. Unaona fahari kuwadharau waliokupa huo mstari?

Kobe1858: Sita au nane, hoja yangu iko palepale.

Dada_Tandale: Mnabishana majina ya mashine. Huku Dar mvua ikianza watu wanatapisha vyoo, kinyesi kinapita mlangoni mwangu na watoto wanakikanyaga. Wengi hatujaunganishwa na mtaro wowote, tunategemea gari la kunyonya, na gari halipiti kwenye vichochoro. Modeli ya nini wakati hatuna bomba?

Mkazi_wa_Mtoni: Dada, mada ni London. Si lazima kila uzi uishie Dar.

Dada_Tandale: Unaandika Kiswahili, tunaokusoma tuko wapi? Ukiwa London kinyesi chako kinapita mita 60 chini, ndiyo maana una nafasi ya kuulizia faili. Mimi sijakataa hoja yako, nimekuuliza inanihusu vipi.

Fundi_Kigogo: Inakuhusu, dada, tena sana. Bomba lililopasuka kwenye mradi wetu lilipasuka kwa sababu aliyelilaza miaka ya nyuma hakuandika alipolilaza. Siku wakija kuleta mtaro Tandale, wataanza kwa kutafuta mabomba yaliyopo kwa kubahatisha. Hapo ndipo ninapokubaliana na binti.

Serveya_Binti: Asante mzee. Ndicho ninachopigania: kinachochorwa kabla na kilichojengwa kweli ni vitu viwili. Kwenye taratibu za Waingereza, faili lina hatua zake: kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa, iliyoidhinishwa, kumbukumbu. Wakandarasi wengi wanakimbiza hadi kuidhinishwa wakalipwa. Kurudi kupima kilicholazwa na kurekebisha modeli ndiyo kazi inayorukwa, kwa sababu haina malipo yake kwenye mkataba.

Nyangumi_E14: Basi iwekewe malipo. Hakuna vipimo vya kilichojengwa, hakuna fedha ya mwisho.

Kobe1858: Na fomeni atie saini kwenye hivyo vipimo. Si mtu wa ofisini peke yake.

Fundi_Kigogo: Hapo nakuunga mkono, Kobe. Fomeni awe na haki ya kuzuia faili lisiidhinishwe kama halifanani na alichokiona kwenye shimo. Nisingeitwa mkosaji.

Mkazi_wa_Mtoni: Sawa, lakini hamjajibu. Serikali ya Uingereza ililazimisha modeli hizi mwaka 2016 kwa miradi ya serikali kuu. Lakini mwenye handaki hili ni kampuni ya wawekezaji. Vipimo hivyo, vikishatiwa saini, vinakaa kwa nani?

Kobe1858: Kwa mwenye handaki, chini ya ulinzi. Nimeshasema.

Dada_Tandale: Na mwenye handaki akiuza kampuni?

Kobe1858: Mkataba utamfuata mnunuzi.

Dada_Tandale: Mkataba ambao wewe mlipa bili hujawahi kuusoma. Milango na funguo waficheni, sina shida. Lakini bomba lilipo, kina chake na mwaka lilipolazwa, nakala ikae halmashauri na fundi yeyote anayetaka kuchimba aipate bure kabla hajashika sururu. London na Tandale.