Eti pikipiki yangu INANYONYESHA! Yule fundi kanidhalilisha mbele ya kijiwe kizima

Ngosha wa CG:
Wakuu, naandika nikiwa bado na oili vidoleni. Yule fundi wa ile kona, mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule ambaye redio yake inaunguruma kuliko injini anazotengeneza. Leo kavuka mpaka.

Nimempelekea Honda CG125 ya marehemu mzee. Ukifungua kijiti cha oili, chini ya kifuniko kuna ute mweupe wa rangi ya chai ya maziwa. Nilitaka amwage oili na azibue bomba la kupumulia la injini, basi. Huyu mtu kachukua kijiti, kakiinua juu boda wote wakione, kapiga kelele: "Jamani njooni, pikipiki inanyonyesha!"

INANYONYESHA. Abiria kateremka kwenye boda ili acheke vizuri. Mama wa vitumbua kaunguza kikaango kizima. Nina uhakika Ukerewe walisikia.

Halafu ndiyo anatoa vipimo vyake: eti gasketi ya hedi imekufa, maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, injini ishushwe, laki na nusu. Rejeta! CG125 inapozwa na upepo, ina mapezi tu kwenye silinda! Nikamwambia nionyeshe hiyo rejeta iko wapi. Hakuonyesha. Kawageukia watu: "Mzazi ana hasira, mpisheni." Mzazi! Mimi! Kwa sababu pikipiki INANYONYESHA!

Huyu mtu asiguse tena hata baiskeli katika mji huu.

Sato Mkavu:
Pole mkuu. Picha ya mtoto iko wapi?

Bwiru Juu:
Acheni utani kidogo. Mleta uzi, huwa unaiendesha umbali gani?

Ngosha wa CG:
Mabatini mpaka Mwaloni asubuhi, jioni narudi. Inahusiana nini na kutukanwa?

Bwiru Juu:
Inahusiana sana. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Mwingi unatokea kwenye ekzosi, ila kiasi kinapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, na injini ya zamani ringi zimelika, kwa hiyo kinapenya zaidi. Safari yenyewe fupi, Mabatini mpaka Mwaloni, injini inazimwa kabla oili haijapata moto. Mvuke unageuka matone, unachanganyika na oili, unapata huo ute. Masika ndiyo usiseme. Washa, nenda Magu bila kusimama njiani, rudi, mwaga oili ikiwa bado ya moto, weka mpya. Na ule mtindo wa kuiwasha dakika mbili uani kisha unazima, acha kabisa, unaiongezea maji.

Ngosha wa CG:
Hayo nayajua mkuu! Ndiyo maana nilimwambia azibue bomba la kupumulia, mvuke utoke! Yeye kasema INANYONYESHA!

Furu wa Igombe:
Magu mbali, aende daraja la Kigongo–Busisi. Kilomita 3 juu ya maji, upepo wa bure, mama na mtoto wapunge hewa.

Dada Spea:
Mimi nauza spea, nisikilizeni. Aangalie na mpira wa kile kifuniko cha oili. Ukikakamaa, maji ya kuoshea yanaingia. Nyie wa Mwanza mnaingiza pikipiki ziwani mpaka kwenye tangi halafu mnatafuta mchawi.

Ngosha wa CG:
Siingizi ziwani mimi dada yangu. Ya mzee ile, naifuta kwa kitambaa.

Sato Mkavu:
Na maziwa yanayobaki unauza lita bei gani?

Mtumbwi Namba Moja:
Nyie mnalilia oili ya pikipiki, ikizima unasukuma. Mimi mashine ya mtumbwi, oili ya gia ilitoka nyeupe. Uzi wa nyavu ulijifunga kwenye shafti ya pangaboi, ukakata sili, ule mpira wa kuzuia maji, maji yakaingia. Fundi wa pale mwaloni kabadilisha oili tu, sili kaacha ile ile! Gia zimelia tukiwa katikati ya maji, usiku wa giza, dagaa ndio wanapanda. Tumerudi kwa makasia.

Furu wa Igombe:
Fundi gani, yule anayeshika spana huku anakula muwa?

Mtumbwi Namba Moja:
Huyo huyo!

Kasia Refu:
Ana hela yangu ya kabureta tangu mwaka jana. Nikimpigia anasema yuko Musoma, namsikia anatafuna.

Ngosha wa CG:
Jamani, tulikuwa kwenye fundi wangu. Kasema rejeta, kwenye CG!

Dada Spea:
Wa muwa ni mbaya zaidi. Alikuja dukani kwangu kurudisha sili aliyokwisha ifunga, ina mchanga, anasema mpya.

Mtumbwi Namba Moja:
Dada, hiyo sili ni YANGU! Nilimpa hela ya mpya! Alikuja lini?

Dada Spea:
Njoo dukani uitazame, bado ninayo.

Kasia Refu:
Nakuja na mimi. Leo yuko Kirumba, nimemwona, ameshika muwa mzima.